Wageni washaiona Malindi yote, sisi je? Kutembea na Nyanya, mtoto wa kubebwa na kijana wa simu

Ukimuuliza mtu wa hapa Malindi, kazaliwa hapa kakulia hapa, mara ya mwisho kuingia magofu ya Gede ilikua lini, jibu utakalopata sana ni "nikiwa darasa la sita, tulienda na shule", na anachokumbuka si msikiti wala jumba la mfalme, anakumbuka kima aliyemnyang'anya mwenzao mkate. Tangu siku hiyo kaoa, kazaa, watoto wanakaribia kumpita urefu, na Gede iko pale pale, panda matatu ushafika, hajarudi. Kila wikendi familia iko nyumbani, mkubwa na simu, wadogo na katuni, na ikifika Jumapili jioni kila mtu analalamika eti Malindi hakuna pa kwenda.

Pa kwenda papo, tena pengi, ila habari zake hazitufikii sisi. Zinaishia mapokezi ya hoteli kwenye vile vikaratasi vya rangi, na vingine vimeandikwa Kitaliano, manake mji wetu huu Wataliano wameuzoea miaka mingi mpaka muuza maembe anajua kuhesabu bei kwa lugha yao. Mwenyeji hakuna wa kumuekea kikaratasi. Afu kuna lile wazo limetukaa kichwani kua sehemu yenye geti na tiketi ni ya mzungu na pesa za mzungu. Si kweli. Mbuga za KWS, shirika la wanyamapori, na sehemu za makumbusho ya taifa zina bei ya raia, na ukiiweka karibu na bei ya mgeni utacheka, watoto nao wana bei yao chini zaidi. Unachotakiwa ni kitambulisho mkononi (kijana mrefu asiye na kitambulisho mbebee kadi ya shule usije ukabishana getini), na kwa mbuga ya bahari uwe na simu yenye chaji, kwa sababu wanataka ulipe kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, ukitoa noti wanakuangalia tu.

Sasa shida ya pili, na hii ndo inawashinda wengi: umri. Nyumbani kwangu kuna mavyaa wangu, watoto wanamwita Nyanya na mimi siku hizi namwita hivohivo, goti lake moja halitaki ngazi. Kuna mtoto wa kubebwa. Kuna wa kati ambaye kila kitu kwake ni swali. Na kuna mkubwa, kijana, ambaye ukisema "twende tukatembee" uso unakunjika kama umemwambia akaoshe sufuria za harusi. Kuwatoa hawa wote siku moja na wote warudi wamefurahi ni kazi, na ushauri mwingi nnaouona unamfaa mtu na mchumba wake, au mtu mwenye gari lake na mfuko mzito, haumfai mama anayepanda matatu na mkoba wa nepi.

Ninachokifanya mimi ni hivi, naanza na Nyanya na mtoto mdogo, wale wa kati watajipanga wenyewe. Sehemu ambayo Nyanya anaweza kukaa kivulini saa mbili bila kuchoka, na mtoto akapata pa kulala na pa kubadilishwa, kijana atapata tu cha kufanya hapo hapo hata kama atanuna dakika kumi za mwanzo. Ukianza na kijana mambo yanaharibika, utajikuta umepeleka ukoo mzima juani kwa ajili ya picha za mtu mmoja.

Kitu cha pili ni maji. Hapa sitaki utani kabisa, matembezi ya Malindi yanapangwa na bahari, hayapangwi na kalenda ya ukutani. Watu wanatoka zao saa tatu asubuhi wamebeba taulo na ndoo za mchanga, wanafika wanakuta maji yameenda mbali mno, mwamba mtupu, watoto wanakanyaga visiki vya matumbawe na shughuli imeisha. Au kinyume chake, wamefuata fungu la mchanga lile la Mayungu walioliona kwenye picha za watu, wanafika maji yamejaa, fungu liko chini ya bahari.

Nyanya hana haja ya programu ya simu kwa haya. Anauliza tu, "Leo mwezi ngapi?" Anauliza tarehe ya ule mwezi wa Kiislamu, si wa kizungu, halafu anatoa jibu. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji yanatoka mbali sana na yakirudi yanarudi kwa nguvu, na hapa kwetu wakati wa bamvua maji huwa nje kabisa saa nne hivi za asubuhi, yakajaa kwenye saa kumi jioni. Mwezi nane na mwezi ishirini na mbili ni maji mafu, hayatoki mbali wala hayajai sana, na saa zenyewe zinageuka, asubuhi ndo yanajaa na jioni ndo yanatoka. Katikati ya hapo unahesabu, kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana, kwa hivo ukijua ya Jumatano unaweza kujua ya Jumamosi bila kumpigia mtu simu. Wavuvi wanaishi kwa hesabu hii, sisi tuliosoma ndo tumeisahau, na siku hizi mkubwa wangu anashindana na nyanyake, yeye anaangalia jedwali la intaneti huyu anahesabu vidole, na wakitofautiana si sana.

Ukishaielewa hiyo, wikendi inajipanga. Bamvua asubuhi ni Mayungu, kusini ya mji, ambako mafungu ya mchanga yanatokeza katikati ya bahari na boti zinawapeleka watu. Wataliano wamelipa fungu moja jina la kwao, wanaliita Sardegna Due, sisi tunasema tu Mayungu. Maji yanabaki ya magoti, ya kijani, mtoto wa kati anaweza kushinda mle akifukuza visamaki. Ila fungu halina kivuli hata cha kijiti, kwa hivo mtoto mchanga na mtu mzima wasikae huko muda mrefu, wabaki ufukweni chini ya mti na wengine waende na nahodha warudi. Na nahodha mwenyewe muulize saa ya kurudi kabla hujapanda, asikwambie "hamna shida mama", akwambie saa, manake maji yakianza kuingia hayangoji mtu amalize selfi.

Bei pia mnamaliza nchi kavu. Kuna jamaa mmoja wa ufukweni alitutajia bei ya boti, tukakubali, kufika katikati ya maji bei ikawa ya kila kichwa, hata mtoto anayenyonya kahesabiwa kichwa. Nyanya alimtazama tu akamwambia, "Mwanangu, huyu hata hajala samaki bado, utamtoza nini?" na kijana wa watu akaona haya. Lakini si kila boti utakua na Nyanya, kwa hivo sema: bei ya boti nzima, kwenda na kurudi, na majaketi ya kuokolea yakiwemo. Kama hana jaketi la saizi ya mtoto, shukuru, nenda kwa mwingine.

Mbuga ya bahari yenyewe, geti lake liko Casuarina, ni ya mwaka 1968, yeye na mwenzake wa Watamu ni miongoni mwa mbuga za bahari za mwanzo kabisa Afrika. Boti za kioo ndo jibu la familia yenye rika zote, kwa sababu Nyanya hahitaji kuloa. Anakaa, anaangalia chini, anaona samaki ambao amewapika miaka hamsini wakiwa hai na rangi zao, na wetu alikua anawataja mmoja mmoja, huyu pono, huyu tasi, huyu changu, mpaka nahodha akanyamaza akamwachia kazi. Kijana anaruka na miwani ya maji. Mtoto analala kwa mawimbi. Hii nayo ni ya maji yakiwa yametoka, ndo unaona matumbawe vizuri.

Lakini angalia na majira, kwa sababu likizo za shule na bahari hazielewani. Agosti watoto wako nyumbani, kusi bado inavuma, bahari imechafuka na ufukwe umejaa mwani. Aprili ni masika. Na mvua zikinyesha huko bara, mto Sabaki unashusha tope lote, ni mto ule ule ambao huko juu Nairobi na Machakos wanauita Athi, ukipita Tsavo unaitwa Galana, ukifika kwetu ni Sabaki, na tope lake linaweza kuifanya bahari ya mjini iwe ya kahawia kabisa. Ukiona hivo usilipie boti ya kioo, utaona kioo. Disemba kaskazi imeingia, upepo mzuri, ila kama vuli ilikua kubwa tope bado lipo na kaskazi inalisukuma upande wetu. Bahari safi hasa ni Januari na Februari wakati wanao wanatakiwa shule, kwa hivo zile Jumamosi za mwanzo wa mwaka usizipoteze kwa kufua, fua Ijumaa.

Jioni ya bamvua, maji yakijaa, ni Mida. Watu wengi wa Malindi wanapita juu ya barabara ya Mombasa na hawajui kua nyuma ya Dabaso kuna mlango wa bahari unaingia ndani mpaka kwenye mikoko. Kuna madaraja ya mbao ya kupita juu ya mikoko, na kuna banda la chakula linaloendeshwa na kikundi cha wenyeji, wanaita Crab Shack, sambusa za kaa na jua likizama mbele yako. Nyanya anaweza kufika mpaka mwisho, anaenda taratibu ameshika ukingo. Kwenye maji ya jioni unapanda mtumbwi ukapelekwa katikati ya mikoko, kimya, hata kijana wangu hapa alitia simu mfukoni (kwa kuogopa isianguke majini, lakini nimehesabu kama ushindi). Maji yakitoka Mida inageuka kitu kingine, tope wazi, kaa wadogo wale wenye kucha moja kubwa wanapunga kama wanaita tuktuk, na kati ya Septemba na Aprili kunakua na ndege wa pwani kwa maelfu waliotoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Upande mwengine wa hori kuna daraja la kamba la kwenda kwenye banda la kutazamia ndege, na kiingilio chake kinasaidia kulipa karo ya sekondari ya watoto wanaoishi kando ya msitu na hori hilo. Mimi pesa hiyo natoa bila kunung'unika.

Siku za maji mafu, au siku za jua kali ambazo bahari haifai, ndo za Gede. Na hapa nitakaa kidogo.

Gede ni msitu kwanza, magofu baadaye. Mibuyu, mikuyu, mizizi imekumbatia kuta, ukiingia tu joto linashuka. Njia ni tambarare, Nyanya anatembea na mkongojo wake bila ngazi za kumtesa. Watu walianza kuishi pale kwenye karne ya 12 au 13 hivi, mji ukakua mpaka ukazungukwa na ukuta wa nje wenye kukumbatia eka 45, halafu mwanzoni mwa karne ya 17 ukabaki mahame. Serikali ya kikoloni ikaanza kuulinda 1927, na kuanzia 1948 akaja mwanaakiolojia James Kirkman akachimba kwa miaka kama kumi. Mwaka 2024 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Haya yote yako kwenye vibao, ila ukimsomea mtoto wa miaka minane vibao umempoteza, kwa hivo sisi tunacheza mchezo. Nyumba za pale zimepewa majina kwa vitu vilivyokutwa ndani yake: nyumba ya mkasi, nyumba ya kauri, nyumba ya kisanduku cha pembe, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya bakuli la kaure. Unawaambia watoto kila mmoja atafute nyumba yake, atakayefika kwanza asimame mlangoni atubashirie mwenye nyumba alikua mtu gani. Mkasi ulitoka Uhispania, taa ilitoka India, bakuli Uchina, shanga Venice. Wa kati aliuliza kama mwenye mkasi alikua kinyozi. Mkubwa, aliyekua amejidai hasikii, akageuka akasema atakua fundi nguo, wakabishana mpaka kwenye jumba la mfalme.

Wapeleke wakaone pia vyoo. Sicheki. Watu walikua na vyoo ndani ya nyumba na mahali pa kutawadhia miaka mia sita iliyopita, na Nyanya aliposimama pale aliwatajia watu wawili watatu wa mtaani kwetu ambao mpaka leo hawana, majina siandiki. Kisha kisima cha karibu na msikiti mkubwa, walikichimba tena kukiongeza kina, yaani maji yalikua yanawakimbia, na wataalamu wanaona hiyo ni moja ya sababu za watu kuhama, wengine wanataja vita na mashambulizi. Kuna na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, ambayo ni 1399. Nyanya alisoma fatiha hapo. Kwa watalii pale ni gofu, kwetu sisi pale wamelala watu.

Kima usiwape chakula, na ndizi usiitoe kwenye mkoba kabisa. Kuna na sengi, kinyama kidogo chenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu, kinaishi msitu wa Arabuko Sokoke na vipande vya misitu vya karibu yake, ukitulia unaweza kukisikia kinachakura majani. Neno "matako ya dhahabu" peke yake lilitosha kumfurahisha wa kati kwa wiki nzima, hata mwalimu wake aliambiwa.

Hapo hapo Gede usitoke bila kuingia mradi wa Kipepeo. Ulianza 1993, wakulima wanaoishi kando ya Arabuko Sokoke wanafuga vipepeo, wanauza pupa, na zile pupa zinasafirishwa mpaka Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho. Ndani ya wavu vipepeo wanatua kichwani. Kwa mtoto wa kubebwa hiki ndo kilikua kilele cha siku, alinyoosha mkono akakaa hivohivo mdomo wazi. Asubuhi jua likiwa limetoka ndo wanaruka zaidi, siku ya mawingu wanalala. Na nilichokipenda mimi ni kua mkulima wa kule kijijini anapata pesa ya karo kwa sababu msitu umesimama, akiukata hana kipepeo. Hii kijana alielewa haraka kuliko nilivotegemea, akaanza kupiga hesabu kama na sisi tunaweza kufuga kibarazani.

Mjini kwenyewe sitakaa sana. Makumbusho iko kwenye lile jumba la nguzo, ndani utapata habari za coelacanth, samaki ambaye wanasayansi walidhani katoweka zamani za dinosari mpaka akavuliwa Afrika Kusini 1938, na mwaka 2001 akavuliwa mmoja pwani yetu hapa. Nguzo ya Vasco da Gama iko kwenye rasi, upepo mzuri jioni, picha nzuri. Alikuja Aprili 1498, Mombasa walishamfukuza, sisi tukampokea kwa sababu hatukua tunasikizana na Mombasa, tukampa rubani akafika Calicut, India. Mkubwa wangu anasema hilo lilikua kosa la mwelekezaji kubwa kuliko yote katika historia. Mimi nawaambia watoto habari ya twiga, ile ya 1415, watu wa Malindi walimpeleka twiga mpaka kwa mfalme wa Uchina, na maswali ya twiga alikaa vipi kwenye jahazi na alikua anakula nini yanawatosha njia nzima ya kurudi nyumbani. Bustani ya Mekatilili haina tiketi, sanamu yake imesimama pale, na ukitaka kumsimulia binti habari ya mwanamke aliyewaamsha Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, akakamatwa, akapelekwa uhamishoni Kisii kule mbali, akatoroka akarudi kwao, hapo ndo mahali. Usiku wa joto ni Buntwani, upepo wa bahari, viazi karai, mishkaki, kila mtu na chake.

Marafa ni nzuri, lakini si ya wote. Unavuka daraja la Sabaki unapita Mambrui, unaingia ndani, kama kilomita 30 kutoka Malindi, unakuta ardhi imemeguka imeacha korongo la rangi nyekundu, nyeupe, machungwa, wageni wanaliita jiko la shetani na wenyeji wanaliita Nyari. Hadithi yake ni ya matajiri waliokua wakioga maziwa ya ng'ombe wakati majirani wana njaa, ardhi ikawameza. Juu ukingoni Nyanya anaweza kukaa akaona kila kitu, ila kushuka chini ni kwa wenye magoti yao, na mchana kule chini ni tanuri. Nendeni saa kumi, mwende na mtembezi wa pale kijijini, mtoto mchanga abaki juu. Jua likishuka rangi zinabadilika kila dakika.

Kwa kijana ambaye amechoka na nyanya na wadogo zake, kuna Watamu. Shamba la nyoka la Bio-Ken liko tangu 1980, wale ndo watu wa nyoka wa kweli, wanashughulika mpaka na dawa ya sumu kwa walioumwa, na mtoto wangu alirudi anajua tofauti ya swila na koboko na anamfundisha kila mtu ambaye hajauliza. Nyanya alibaki nje ya geti kwa hiari yake, akasema yeye nyoka alishaonana nao shambani wa kumtosha. Watamu hiyo hiyo kuna watu wa Local Ocean wanaotibu kasa, kazi yao ya kuwalinda ilianza 1997, mvuvi akimnasa kasa kwenye nyavu anapiga simu na anapewa kifuta jasho ili amuachie arudi baharini, na ukiwa na bahati unakuta kasa mgonjwa kwenye tangi anauguzwa. Hii Nyanya aliipenda sana. Alitaka kujua kasa analishwa nini, nani anamlipia na ana siku ngapi hapo, maswali ya mtu aliyekwenda kumuona mgonjwa hospitali.

Sasa jinsi ya kuzijua habari zenyewe, manake ndo swali nnaloulizwa. Usianze na intaneti, intaneti itakuonyesha hoteli. Anza na dereva wa tuktuk wa mtaani kwako ambaye ana watoto, yeye anajua geti gani lina foleni na barabara gani imekatika. Muulize mwalimu wa klabu ya mazingira ya shule, yeye ndo anapeleka watoto na anajua bei za mwaka huu, si za juzi. Muulize mvuvi kuhusu maji. Na kwa kila sehemu uliza mambo matatu tu kabla hujatoka: choo kipo na kinafungwa saa ngapi, kivuli kipo, na gari la mwisho la kurudi ni saa ngapi. Uzuri wa mahali hujawahi kumuuliza mtu akakwambia pabaya, kila mtu atasema pazuri, lakini choo hakuna anayekudanganya.

Chakula beba. Mahamri na mbaazi za kwenye chupa ya uji, maji mengi, maembe ya achari kwa njia. Madafu utayakuta. Aiskrimu ya Kitaliano mjini ni tamu, sikatai, lakini kwa watoto wengi ni bei ya mchele wa wiki, kwa hivo mimi nawaambia barafu za ukwaju ndo aiskrimu ya Malindi na bado wanaamini.

Bado kuna Ngomeni. Pale baharini kuna zile minara ya Wataliano ya San Marco ya kurushia roketi, tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, waliirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani, wakaiita Uhuru, kutoka hapa kwetu. Wa kati hajaamini. Nimempigia simu mtu wetu wa huko, kasema minara inaonekana kutoka ufukweni na samaki wa kukaanga yupo, choo ameahidi kuniulizia. Nyanya keshahesabu vidole vyake, kasema Jumamosi hiyo maji yatakua nje mpaka saa tano, tutoke na matatu ya saa moja.